Chuma Anarudi, na Maandishi Chini

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Nimefungua karakana yangu ya fremu na vioo asubuhi, nikakuta tangazo limebandikwa kwenye dirisha langu. Dirisha langu mwenyewe! Kioo nilichokikata kwa mkono wangu, jana tu nimekipangusa kwa gazeti na siki. Na gundi waliyotumia ni ile isiyotoka.

Tangazo linasema: CHUMA AMERUDI! Filamu ileile iliyotikisa mtaa. Picha safi, sauti halisi, maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbi wa Kanda. Wakubwa kwa wadogo mnakaribishwa.

Nimelisoma mara ya kwanza, nikafurahi. Mara ya pili nikakaa juu ya kopo la rangi. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha.

Lazima nieleze, japo shajara hii haisomwi na mtu. (Binti yangu, kama unasoma, funga sasa hivi.) Zamani, kabla televisheni haijaingia kila chumba, mtaa huu ulikuwa na ukumbi mmoja tu wa video, ule wa mabati nyuma ya stoo ya mbao. Kanda ndiye aliyeendesha mashine, akilala na kuamka na kanda zake, na ndipo alipopata jina. Mimi nilisimama kando ya skrini na kipaza sauti, nikiwaeleza watu filamu inasema nini. Wakaniita Spika. Nilikuwa kijana mwembamba, nywele nyingi, na sauti ambayo, sijisifu, iliwafanya kina mama wasahau sufuria jikoni.

Na filamu ya filamu ilikuwa Chuma. Kijana wa shule mwenye uwezo wa ajabu: akitaka anakuwa mzito kama lori la mchanga, akitaka anakuwa mwepesi kama unyoya. Anapita juu ya waya wa umeme na waya hautikisiki. Akikanyaga barabara kwa hasira, lami inapasuka. Anawindwa na watu wenye makoti ya kijivu, wasiopepesa macho, kutoka sayari nyingine. Anakimbia mji hadi mji, shule hadi shule, yeye na mzee mmoja mwenye gari la bluu. Kila akizoea darasa, kila akipata rafiki, inabidi ahame. Tuliionyesha kila wiki na kila wiki ukumbi ulijaa. Watoto wa mtaa mzima walitembea kwa kukanyaga ardhi kwa kishindo mpaka wazazi wao wakaja kunilalamikia kuhusu soli za viatu.

Tatizo ni moja. Dogo. Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Na mimi Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha. Cha salamu.

Sikumdanganya mtu! Niliangalia midomo yao, nikaangalia macho yao, nikasema kile ambacho watu wenye midomo na macho kama yale walipaswa kusema. Hicho ni kipaji. Lakini Jumamosi mtaa mzima utakaa pale na kujisomea.

Mke wangu amesoma tangazo, akacheka peke yake, akasema tutakwenda. Binti yetu amesema atakuja na darasa zima. Sikula chakula cha jioni. (Nilikula baadaye kidogo. Sahani mbili.)

Jumanne, 5 Machi

Nimeamua kutumia diplomasia. Nimefukua picha ya zamani: mimi na Kanda mbele ya ukumbi wa mabati, yeye ameinua kanda ya video kama mtu aliyepewa cheti, mimi nimekumbatia kipaza sauti. Nimeitengenezea fremu ya mbao nyekundu, pembe zimekutana bila hata upenyo wa ukucha. Mpango: nimpelekee zawadi, nimlainishe, kisha nimshauri kwa upole aonyeshe kitu kingine. Filamu ya wanyama, kwa mfano. Wanyama hawaongei.

Kanda siku hizi ni mtu mkubwa. Ukumbi wa matofali, viti vya plastiki, feni za darini, projekta inayoning'inia juu kama popo. Lakini nikiingia tu hununa, na sababu ni mke wangu. Enzi zile Kanda ndiye aliyekuwa akimwekea nafasi benchi la mbele, kwa kutandika leso. Halafu mimi ndiye niliyeondoka naye. Mashindano yalikuwa ya haki. Yeye alikuwa na leso, mimi nilikuwa na kipaza sauti.

Ameishika picha. Ameitazama mpaka nikadhani kasinzia. Akasema ile skrini ilikuwa mashuka mawili ya mama yake yaliyoshonwa pamoja, na mshono ulipita katikati, kila uso mkubwa ukaonekana una kovu kuanzia kipajini hadi kidevuni. Nikamkumbusha jinsi watu walivyoamini kwamba Chuma ana kovu kweli, mpaka vijana wakajichora la wino. Tukacheka. Akakumbuka jenereta. Nikakumbuka panya aliyepita juu ya mguu wa kinyozi wakati wa mapigano, kinyozi akadhani ni sehemu ya filamu. Kanda akapangusa macho. Nami nikapangusa, kwa sababu ya vumbi.

Nikaona ndiyo saa yangu. Nikamwuliza polepole: je, filamu ya wanyama?

Akasema hapana. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Miaka ile yote alikaa ndani ya kile kibanda cha mashine, jenereta ikinguruma ubavuni, na hakuwahi kusikia hata sentensi moja ya Chuma. Aliona watu wanalia, wanacheka, wanasimama juu ya mabenchi, asijue kwa nini.

"Spika," akasema, "mimi ndiye mtu pekee mtaa huu asiyeijua hadithi ya Chuma. Mara moja tu nataka nikae mbele, nami nijue."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Nimerudi karakana. Picha amebaki nayo. Fremu ya mbao nyekundu! Bure!

Jumatano, 6 Machi

Diplomasia imeshindwa. Leo nimejaribu uvumi.

Nimekwenda mapema kwa mwoka mikate. Mtaa mzima unamwita Mjomba, na si kwa sababu ana wapwa. Ni kwa sababu ya yule mzee wa gari la bluu kwenye filamu. Mimi ndiye niliyempa mzee yule jina la Mjomba: mpole, ana kikohozi, anamlea Chuma kama mwanawe wa kumzaa. Mwoka mikate naye alikuwa mpole, naye alikuwa na kikohozi. Jina likamganda. Akalipenda mwenyewe, akaliandika kwa rangi juu ya duka lake.

Nikamnong'oneza, mkate ukiwa kwapani, kwamba nimesikia kwa watu wanaojua kuwa maandishi ya chini ya picha yanaharibu macho. Jicho moja linabaki juu kwenye picha, la pili linabaki chini kwenye maneno, na mtu anaweza kubaki hivyo maisha. Nikamwomba asimwambie mtu. Mjomba kifua hana. Ndiyo maana nilimchagua.

Kabla ya mchana fundi viatu akaniambia amesikia skrini ile inatoa miale. Alasiri kinyozi akaniambia filamu imepigwa marufuku nchi kadhaa na wanaoionyesha wanafanya kwa siri. Jioni mwanamke nisiyemjua kabisa amenishika mkono njiani, akanieleza kwamba mtu akiitazama mpaka mwisho anaambukizwa uwezo wa Chuma. Ana jirani ambaye ameanza kuwa mwepesi. Akaniuliza kama nafasi bado zipo.

Foleni ya tiketi kwenye mlango wa Kanda imefika duka la mikate. Kanda amenipungia mkono kwa mbali. Anaazima viti.

Alhamisi, 7 Machi

Kama siwezi kuizuia filamu, niwazuie watazamaji. Si wote. Wawili tu wa nyumbani kwangu.

Binti yangu kwanza. Alipokuwa mdogo hakulala bila Chuma. Alinishika sikio, macho yameshafumba, akaniamuru: Baba, sasa Mjomba awashe gari. Alipougua surua, Chuma aliugua surua. Alipoogopa kuanza shule, Chuma alianza shule mpya wiki nzima mfululizo, na kila shule kulikuwa na mtu mmoja mwema. Sasa amenipita urefu na hunijibu kwa mabega. Anacheka viatu vyangu, anacheka jinsi ninavyoshika simu. Chuma ndicho kitu pekee nilichompa ambacho hajawahi kukicheka.

Halafu mke wangu. Mwisho wa filamu, kwenye stesheni, kuna maneno ambayo msichana mmoja anamwambia Chuma. Ni kwa ajili ya maneno hayo mke wangu akawa mke wangu. Basi, sisemi zaidi. Na mwanamke huyu anafanya kazi duka la dawa! Kutwa anasoma vile vikaratasi vya ndani ya boksi, Kiingereza cha herufi za chawa, na kuwaeleza wagonjwa. Macho kama hayo hayawezi kukosa hata nukta.

Kwa hiyo asubuhi nimewatangazia kwamba shangazi yangu anaumwa kule kwao, mguu umevimba, na itabidi waende Jumamosi wakalale huko. Nilitumia sauti ya huzuni, ile ya Mjomba anapokohoa kwenye mvua. Mke wangu akaweka kikombe chini. Binti akauliza mguu upi. Nikasema yote.

Jioni mlango umegongwa. Shangazi! Na miguu yake yote! Amepanda ngazi bila kugusa ukuta, begi kwapani, anasema amesikia Chuma anarudi, hawezi kuikosa, na je, atalala wapi. Mke wangu amempokea begi, akampa kiti, akampa maji, akamwuliza kwa adabu miguu inaendeleaje, shangazi. Shangazi akasema miguu yake haijawahi kumsumbua tangu azaliwe, anamshukuru Mungu.

Mke wangu akanigeukia. Akaenda kunitolea mto na shuka. Afadhali angenigombeza.

Ninalala kwenye kochi la sebuleni, miguu nje. Shangazi amechukua nafasi yangu chumbani. Anakoroma kwa furaha.

Ijumaa, 8 Machi

Imebaki njia moja. Sitaiita uharibifu. Nitaiita ufundi.

Kanda mwenyewe ameniita nibadilishe kioo kilichopasuka kwenye dirisha la chumba cha mitambo, kule nyaya za projekta zinakoishia. Nimeingia ngomeni kwa adui nikiwa na sanduku langu la vifaa, na adui ananishikia mlango! Mpango: nichomoe waya mmoja muhimu, niufiche. Bila waya hakuna filamu, watu wanarudi makwao, maisha yanaendelea.

Pale ukutani kuna nyaya nyingi kuliko nywele zangu. Nimechagua mmoja mnene, mweusi, wenye sura ya cheo. Nimeuchomoa, nimeuviringisha, nimeutia chini kabisa ya sanduku na kuufunika kwa vipande vya vioo asije mtu akatia mkono.

Nilipaswa kuondoka. Lakini Kanda alikuwa ametoka kuleta viti, ukumbi ulikuwa mtupu, na kule mbele, pembeni ya viti vya plastiki, nikaliona benchi letu. Lilelile! Kanda amelitunza miaka yote. Amelipaka rangi juu, lakini nilipopapasa kwa chini nikakuta majina tuliyoyachonga kwa msumari. Nikakaa. Mbao zikalia palepale zilipozoea kulia.

Nikakumbuka mvua juu ya yale mabati. Ilikuwa ikimeza sauti yote, nami napiga kelele mpaka koo linawaka, na watu wanasogea mbele, wanasogea, mpaka wanakaa chini miguuni pangu kama watoto wa nyumba moja. Siku moja kanda ilikwama katikati. Skrini ikawa nyeusi. Hakuna aliyeinuka. Nikaimalizia filamu nzima gizani, kwa mdomo, na mapigano yote, na treni. Makofi yake bado nayasikia. Kanda akatoka kibandani akainama kuyapokea, maskini, akidhani wanamshukuru kwa kuzima mashine vizuri.

Siku hizi hakuna anayeniomba nimsimulie kitu. Wateja wananitajia urefu na upana, basi.

Sijui niliinuka saa ngapi. Nilijikuta nimesimama mbele ya skrini nyeupe, ngumi mdomoni kana kwamba nimeshika kipaza sauti. Nilisema kidogo tu. Nyuma yangu mtu akakohoa. Kanda, na viti mikononi. Sijui amesimama pale tangu lini. Akaniuliza kama kioo nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka. Kioo sikukiweka! Kiko ukutani kimeegemezwa, na dirisha liko wazi kama mdomo.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika jikoni. Wengine wako sebuleni, bado wanaongea wote kwa pamoja. Nianze mwanzo.

Ule waya ulikuwa wa feni.

Projekta iliwaka kama kawaida, na feni zote zikabaki zimening'inia kama nyama buchani. Joto la tanuri. Watu mpaka mlangoni. Sisi tulikaa benchi la mbele: mke wangu, mimi, binti na wenzake wamebanana mpaka sakafuni, shangazi akijipepea kwa kiatu. Kanda alikaa kiti cha mbele kabisa, shati jipya, mikono magotini kama mwanafunzi siku ya kwanza.

Picha ikaanza. Chuma! Jinsi alivyo mdogo! Enzi zile nilimwona mkubwa kuliko mimi. Leo nimemwona mtoto wa watu, shingo nyembamba, umri wa binti yangu, anakimbia kwenye mvua na begi la shule mgongoni. Bila kovu.

Kisha maandishi. Kumbe jina lake si Chuma. Ni jina la kawaida tu, kama la karani wa posta. Ukumbi ukaguna. Kumbe hakuna sayari nyingine, walimtengeneza maabara. Ukumbi ukaguna zaidi. Wale wenye makoti ya kijivu ni waajiriwa, na wanapomvizia Chuma, pale niliposema wanakula kiapo cha damu, wanaulizana nani amepewa likizo. Shingo zikaanza kugeuka kunitafuta. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Ikafika sehemu ya kibanda cha simu. Mzee wa gari la bluu yuko peke yake, anapiga simu, anakohoa. Mimi siku zote nilieleza kwamba Mjomba anampigia daktari kuulizia dawa ya kifua, na hataki Chuma ajue asije akapata wasiwasi. Watu walimhurumia sana hapo. Maandishi yakasema: "Kijana ninaye. Njooni kesho mumchukue. Na mje na malipo yangu."

Shingo zikaniacha, zikamgeukia Mjomba wa mikate. Halafu mwoka mikate akasimama, kofia mkononi. Sauti ilimtoka kidogo sana.

"Mimi?"

Ukumbi ukalipuka! Shangazi alipiga kelele kwamba huo ni uzushi, Mjomba hawezi, Mjomba ndiye aliyemnunulia Chuma viatu. (Hakuna mtu anayenunua viatu katika filamu ile. Niliviongeza msimu mmoja wa baridi.) Kinyozi akasema walioandika maandishi walikuwa wamelewa. Fundi viatu akaapa kwamba yeye alikuwepo, na kwa masikio yake mawili alimsikia Mjomba akiulizia dawa. Watu wakamkalisha mwoka mikate, wakampiga mgongoni, wakamwambia asiyajali. Halafu kijana mmoja, ambaye tayari alikuwa amevua shati kwa joto, akaenda akalitundika chini ya skrini. Juu ya maandishi! Watu wakashangilia. Likaja koti. Kikaja kitambaa cha meza. Shangazi akatoa mtandio wake. Maneno yakavunjikia kwenye mikunjo ya nguo, hakuna aliyeweza kusoma chochote.

Nikajua sasa wataniita. Nikasimama. Nikasafisha koo. Nikavuta pumzi.

Hawakuniita. Walianza wenyewe! Kinyozi akachukua maneno ya Mjomba. Fundi viatu akamchukua mkuu wa makoti ya kijivu, na sauti ileile ya puani niliyombunia mimi. Kina mama wa nyuma wakawa darasa. Chuma alisemwa na kila mtu. Neno kwa neno, na kikohozi, na vituo! Pale juu ya waya wa umeme walikosea kidogo, nikajaribu kuwarekebisha, na mtu nyuma yangu akaniambia, "Kaa chini bwana, tunasikiliza."

Mimi! Spika! Nikakaa.

Nilipomtazama Kanda, alikuwa ameipa filamu mgongo kabisa. Amegeuza kiti. Anawatazama watu midomo, mmoja hadi mwingine, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye shati jipya, wala hayafuti.

Kisha stesheni. Treni inanguruma. Chuma amejifanya mwepesi, upepo unataka kumwinua, na yule msichana wa shuleni amemshika mkono wa koti asipeperuke. Midomo yake ikaanza kusogea. Mtandio wa shangazi ulikuwa umeteleza pembeni, nami nikayaona maandishi machache, meupe: nisahau, nami nitakusahau.

Nikafumba macho.

Ukumbi wote ukasema, taratibu, kina baba kwa kina mama, na binti yangu kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa mdogo: "Nenda. Uwe mwepesi, uwe mzito, mkono wangu unaujua uzito wako. Ukichoka kukimbia, niulizie hapahapa."

Nilipofumbua, mke wangu naye alikuwa anayasema. Hakuwa anatazama skrini.

Tulirudi kwa miguu. Binti na wenzake walitangulia mbele yetu, barabara nzima yao, wanakanyaga lami kwa kishindo mpaka mbwa wakabweka. Akarudi mbio mara moja tu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hivi zamani Kiingereza ulikuwa unakijua kweli?" Nikamjibu nilijua kilichohitajika. Akanitazama. Akanipiga bega la mzaha, akawakimbilia wenzake.

Jumapili, 10 Machi

Nimeosha vyombo vyote bila kuombwa. Mke wangu akawa anakausha. Nikamwuliza kwa kuzungukazunguka kama yale maandishi ya stesheni aliyaona. Akasema aliyaona. Nikasema watafsiri wa siku hizi hawana uangalifu.

Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Nilisubiri. Alipopata pumzi akaniambia kwamba Kiingereza alikuwa anakijua tangu shule, alikuwa akiongoza darasa, nikawaulize walimu wake. Siku ya kwanza alipoingia ukumbini, alisikia mzee yule anamuuza mtoto, na papo hapo akanisikia mimi nikiulizia dawa ya kifua. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata akarudi ili asikie nimeongeza nini. Akakuta nimeongeza viatu. Akarudi tena. Marafiki zake walidhani anampenda Chuma.

Nikauliza: basi miaka yote hii? Akasema miaka yote hii.

Nikauliza, na stesheni je?

Akaacha kukausha. Akasema yule msichana alimwambia kijana amsahau, aliyasikia vizuri, Kiingereza chepesi tu. Halafu akamsikia mwembamba mmoja mwenye kipaza sauti anasema mambo mengine kabisa, na hatazami skrini, anamtazama yeye. "Nikajua hayo si ya filamu," akasema. "Ndiyo maana nikakaa."

Akachukua sahani nyingine.

Nimeosha sufuria moja mara tatu.

Jumatatu, 11 Machi

Shangazi ameondoka, nimerudi chumbani. Mgongo unashukuru.

Nimepeleka waya wa feni kwa Kanda. Nimesema nimeuokota. Kanda amesema waya wa feni huokotwa sana siku za joto, na akanionyesha kioo changu kilipoegemea. Nimekiweka. Nikiwa juu ya ngazi, akaniambia watu hawampi nafasi ya kupumua, wanataka filamu nyingine, lakini ya kuelezewa na mtu. Anayo moja. Msichana mwenye uwezo wa kuisimamisha mvua hewani, anasakwa na jeshi zima. Haina maandishi hata herufi. Imetengenezwa kwa Kikorea. Akanitazama machoni akaniuliza kama Kikorea nakijua.

Wiki hii imenifundisha mengi. Imenifundisha kwamba walioandika yale maandishi walikosea. Mtaa mzima ni shahidi. Nikamjibu Kanda kwamba Kikorea nimekizoea tangu utotoni.

Jioni nimetazama kipande cha mwanzo kwenye simu ya binti. Jenerali amesimama dirishani, mdomo unamcheza, macho mazito. Binti anasema mtu huyo anaagiza chai. Mtoto hajui kusoma uso. Jenerali amefiwa na farasi wake. Bado sijaamua farasi aliitwa nani.